Mzee wetu ameumia akiwa mikononi mwa watunzaji: maswali tunayoulizwa kila mara

Mimi si loya. Nimekaa miaka kadhaa nikisaidia watu kuandika malalamiko na kuwasindikiza polisi, na maswali ni yale yale, yawe yanatoka Bombo, Arua, Kisenyi au kwa mtoto aliye Dubai anatuma pesa kila mwezi. Sheria nilizotaja ni za Uganda. Namba za vifungu nimeziacha makusudi, manake sheria zetu zilipangwa upya na toleo jipya likaanza kutumika Julai 2024, ukishika namba ya zamani utachekwa kortini.

## Mambo ya mwanzo

Nasing homu na makao ya wazee si kitu kimoja?

Hapa kwetu hapana, na hapo ndo wengi wanapotea. Ukiona kibao cha nasing homu barabarani mara nyingi ni kliniki ya mtu binafsi yenye vitanda, watu wanajifungulia hapo na kuwekewa dripu. Makao ya wazee ni kitu kingine, mfano unaojulikana sana ni Mapeera Bakateyamba kule Nalukolongo, nyumba ya hisani inayoendeshwa na masista, ile Papa Francis aliyoitembelea Novemba 2015. Alafu ziko nyumba za kulipia, mtu amekodi bangalo, ameajiri wasichana wanne, anachukua wazee kwa mwezi.

Tofauti hii inakuhusu kwa sababu kliniki iko chini ya mabaraza ya afya na lazima iwe na leseni, lakini nyumba ya kulipia inaweza kuwa imeandikishwa kama kampuni tu, au kama NGO, au haijaandikishwa popote. Kabla ya kulalamika tafuta jina kamili la mwenye mali. Kama ni kampuni, URSB, ofisi inayoandikisha makampuni, watakupa majina ya wakurugenzi ukilipia kutafutiwa. Kibao cha getini hakishtakiwi.

Kila mzee akiumia ni uzembe?

Hapana jamani. Mzee wa miaka 85 anaweza kuanguka hata akiwa ameshikwa mkono. Kortini utaulizwa mambo matatu: walikuwa na wajibu wa kumtunza, walifanya chini ya kile mtunzaji wa kawaida mwenye akili angefanya, na kile walichokosa ndo kilileta madhara. La kwanza ni rahisi, ukishapokea mzee na pesa yake wajibu umeshaubeba. La tatu ndo linaua kesi nyingi, manake watasema alikuja na sukari, alikuja na presha, angekufa tu.

Kuanguka mara moja ni ajali. Kuanguka mara tatu kutoka kitanda kile kile ambacho chuma cha pembeni kimevunjika na kila mtu anajua, hiyo ni hadithi nyingine.

Kuna sheria ya makao ya wazee yenyewe?

Usitafute kitabu kimoja chenye jina hilo, kesi hizi zinajengwa kwa vipande. Katiba ya 1995 inakataza kumtendea mtu kikatili au kwa kumdhalilisha, na inasema serikali iangalie ustawi wa wazee. Sheria ya Baraza la Taifa la Wazee ya 2013 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Sheria ya makosa ya jinai inambana yeyote mwenye kumshikilia mtu asiyejiweza kwa uzee au ugonjwa, kwamba ampe mahitaji ya kuishi. Vilivyobaki ni sheria ya uzembe tuliyorithi kwa Waingereza, pamoja na mkataba uliosaini siku ya kumpeleka.

Ninayelipa ni mimi, aliyeumia ni mama. Nani anashtaki?

Maumivu ni ya mama, kwa hiyo kesi ya kuumia ni yake. Kama akili yake iko sawa anaweza kukupa pawa ya atoni, yaani hati ya kukuruhusu, ukamfanyia mambo. Kama amesahau hata majina ya watoto, korti inaruhusu ndugu kushtaki kwa niaba yake, ila loya apange vizuri tangu mwanzo. Wewe uliyelipa una dai lako mwenyewe la mkataba: nililipia chakula, usafi na nesi wa usiku, nesi wa usiku hakuwepo.

Nimshtaki nesi, meneja au mwenye nyumba?

Watu wanataka kumkamata yule msichana aliyekuwa zamu. Naelewa hasira, lakini yule msichana hana pesa, na saa zingine ni yeye peke yake aliyekuwa anamjali mzee. Sheria inamwacha mwajiri abebe kosa la mfanyakazi lililofanyika ndani ya kazi. Kesi ya Muwonge ya 1967 ndo mawakili wote wanaisoma: mtu aliuawa kwa risasi ya polisi wakati wa fujo, na serikali ikabeba, kwa sababu kitendo kinaweza kuwa cha ovyo kabisa na bado kikahesabiwa ni cha kazini.

Ya karibu zaidi na mambo yetu ni ile ya Nakaseke. Mama mjamzito alikufa hospitali ya wilaya mwaka 2011, daktari aliyepaswa kuwepo hakuonekana kwa masaa, na mwaka 2015 High Court ikaihukumu wilaya yenyewe na kuipa familia shilingi milioni 35. Haikuwa ya mzee, lakini swali ni hilo hilo: mtu wa zamu alikuwa wapi?

## Ushahidi

Nimekuta kidonda mgongoni mwa mama. Nianze wapi?

Anza na picha, kabla hujapiga kelele. Piga kidonda kwa karibu, weka kando kitu cha kuonyesha ukubwa, sarafu ya shilingi mia tano inatosha, alafu piga kitanda, shuka, pampasi, na chati iliyoning'inia. Vidonda vya kulala vinaanzia pale mfupa unapogusa godoro: chini ya mgongo, kisigino, nyonga. Mwanzo ni ngozi tu imebadilika rangi na ukibonyeza rangi haipotei, kwa ngozi yetu nyeusi hiyo rangi haionekani haraka, bora ushike uone kama pana joto au pamekuwa pagumu. Kikiwa tayari ni shimo hicho hakikuanza jana. Ndo maana mgonjwa asiyejigeuza kwa kawaida anageuzwa kama kila masaa mawili na inaandikwa.

Hapa niseme yangu. Shangazi yangu alikuwa kwenye nyumba moja, siitaji. Nilifika saa tisa alasiri bila kupiga simu, nikamkuta amelalia ubavu wa kushoto, shuka imelowa mpaka godoro. Nikaangalia chati ya kumgeuza. Ilikuwa imeshasainiwa mpaka saa kumi na mbili jioni, saini moja, kalamu moja, ubavu wa kulia, mgongo, kushoto, kulia, safi kama daftari la mtoto wa shule. Masaa matatu ambayo hayajafika! Nikapiga picha nikiwa nimeweka saa yangu ya mkononi juu ya karatasi. Wiki moja baadae waliposema shangazi alikuwa anageuzwa vizuri na chati ipo, ile picha moja ilifanya kazi kuliko mimi na dada zangu wote tuliokuwa tunalia.

Baada ya picha mtoe mzee apelekwe hospitali nyingine, siku hiyo hiyo, na umuombe daktari aandike kidonda kina upana gani, kina kina gani, na kinaonekana kina muda gani. Maneno ya daktari asiye wa kwao ndo nguzo. Risiti zote weka.

Wanakataa kunipa faili lake.

Omba kwa barua, sio kwa mdomo, peleka kopi mbili na moja wakugongee muhuri au wasaini wamepokea. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake zinazoshikwa na wengine, hata na kampuni binafsi, kwa hiyo barua iwe ya mama mwenyewe au ya mtu mwenye mamlaka yake. Kama ni hospitali ya serikali ongeza sheria ya kupata habari ya 2005. Wakigoma bado, hiyo barua yenye muhuri inakuwa ushahidi, na kesi ikishafunguliwa korti inaweza kuwaamuru walete.

Omba vitu kwa majina: chati ya kumgeuza, chati ya dawa, daftari la zamu, kitabu cha ajali. Ukisema "faili" tu watakupa karatasi ya kupokelewa.

Nina meseji za WhatsApp na sauti nilizorekodi. Zinakubalika?

Sheria ya miamala ya elektroniki ya 2011 inakubali ushahidi wa namna hiyo ukionyesha umetoka wapi na haujachezewa. Usitume skrinshoti alafu ukafuta meseji yenyewe, na usibadilishe simu ukaitupa ile. Kurekodi mazungumzo uliyokuwemo ni tofauti na kuficha simu chini ya godoro la chumba wanacholala wazee wengine watatu, huko utaingia wewe kwenye matatizo ya faragha ya watu.

Hakuna aliyeona mama alivyoanguka. Kesi imeisha?

Bado. Kuna kanuni kwamba saa zingine tukio linajieleza lenyewe: mtu asiyeweza kutembea, aliyekuwa mikononi mwao peke yao, amekutwa na mfupa wa paja umevunjika, jambo ambalo halitokei watu wakiwa makini. Hapo korti inaweza kuwageuzia wao waeleze. Lakini usiitegemee kama una picha na daktari, hii ni fimbo ya mwisho.

## Pa kupeleka

Niende polisi, baraza au korti?

Inategemea unataka nini, na hakuna anayekukataza kwenda zaidi ya sehemu moja. Ukitaka mtu achunguzwe kwa jinai nenda polisi, waandike, wakupe namba ya SD, yaani daftari la kituo, na uombe fomu PF3 ya kujazwa na daktari. Watakwambia hii ni mambo ya familia. Kaa hapo hapo mpaka namba itoke.

Ukitaka daktari aulizwe kuhusu leseni yake nenda UMDPC, baraza la madaktari, kama ni nesi nenda baraza la manesi na wakunga. Mabaraza yanaweza kumsimamisha mtu kazi, ila fidia hayatoi. Tume ya Haki za Binadamu inapokea malalamiko bila wewe kuwa na loya, na mahakama yake inaweza kuamuru ulipwe. Hela nyingi zaidi, na muda mrefu zaidi, ni korti ya kawaida.

Chairman wa LC1 (baraza la kijiji) amesema tuyamalize pale kijijini.

Chairman anasaidia kwa barua ya kukutambulisha na kwa kuwa shahidi kwamba mlilalamika tarehe fulani. Kesi ya mzee aliyeoza mgongo si saizi yake, korti za LC zina mipaka midogo ya pesa na ya aina ya kesi. Msikilize kwa heshima, chukua barua, endelea na safari.

Mkurugenzi ameniita, ameweka bahasha mezani.

Kupatana sio dhambi, na hata ukienda korti utapelekwa kwanza kwenye upatanishi, kanuni za 2013 zinasema hivyo. Shida ni karatasi inayokuja na bahasha. Kama imeandikwa kwamba ni malipo ya mwisho na hutadai tena, basi ukisaini umefunga mlango, hata kama kidonda kitahitaji operesheni mwezi ujao. Sema unaenda nayo nyumbani usome. Anayekataa usiende nayo ameshakujibu.

## Kesi yenyewe

Nina muda gani?

Hili ndo swali natamani watu waanze nalo. Kuumia kwa uzembe wa mtu binafsi au kampuni: miaka 3. Kuvunjwa mkataba tu, bila madai ya kuumia: 6. Kama aliyekosea ni serikali au wilaya, madai ya uzembe ni miaka 2, na kuna notisi ya kuandikwa ya siku 45 kabla ya kushtaki, korti siku hizi zimelegeza hapo lakini wewe ipeleke tu. Kama mzee amekufa na familia inadai kwa kumpoteza, ni miezi 12 tangu kifo, na hii ndo imewaacha watu wengi nje, kwa sababu ya matanga, ya arobaini, ya kungoja ndugu aje kutoka nje.

Aliyepoteza akili anaweza kuongezewa muda na sheria, lakini usiache mwaka upite kwa kutegemea hilo.

Korti gani, na watatoa pesa ngapi?

Kwa viwango vilivyowekwa 2007, hakimu wa Grade I anasikiliza mpaka milioni 20, Chief Magistrate mpaka 50, juu ya hapo High Court. Kiasi cha fidia hakuna bei, anayekuahidi namba anakudanganya. Gharama ulizotumia unatakiwa kuzithibitisha moja moja: risiti ya dawa, meseji ya mobail mani, hata boda ya kwenda hospitali kama umeandika tarehe. Maumivu na aibu aliyopata mzee korti inakadiria yenyewe. Na mwaka ukipita bila kesi kutajwa usishangae, hiyo ni kawaida yetu.

Sina pesa ya loya.

Jaribu Justice Centres Uganda, kliniki ya sheria ya LDC (chuo cha mawakili), mradi wa msaada wa Uganda Law Society (chama cha mawakili), au FIDA (mawakili wanawake). Loya akikwambia "usilipe kitu, tutagawana fidia asilimia arobaini", kanuni zao zinamkataza hiyo, sasa jiulize mengine yatakuwaje.

Mama anajua Kiswahili tu, karatasi zote ni za Kiingereza.

Kiswahili kimeandikwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini korti bado inaendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo omba mkalimani mapema. Jambo dogo linaloangusha watu: hati ya kiapo ya mtu asiyesoma Kiingereza lazima ionyeshe kwamba alisomewa kwa lugha yake akaelewa, na aliyemwandikia aweke jina lake kamili na anwani. Ikikosa hivyo upande wa pili utaomba itupwe, na inatupwa kweli.

## Mzee akifariki

Tulimzika siku hiyo hiyo. Bado kuna kesi?

Kwa sisi Waislamu swali hili linakuja sana, na wanaouliza wanajilaumu, naomba wasijilaumu. Posmotamu, yaani uchunguzi wa maiti, inasaidia, na ikiombwa asubuhi inaweza isicheleweshe maziko kama familia inavyoogopa. Lakini kama ameshazikwa, faili la hospitali, picha, na daktari aliyemwona siku za mwisho vinaweza kubeba kesi ya madai. Korti inaweza pia kuamuru kaburi lifunguliwe, kwa jinai hasa, na hilo ni la kukaa na shehe na wazee wa ukoo kabla ya kumwambia polisi.

Uzembe mkubwa kabisa ulioleta kifo unaweza kushtakiwa kama kuua bila kukusudia, ambapo adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Hiyo inaendeshwa na serikali, sio na nyinyi.

Lazima tuchukue barua za mirathi kwanza?

Kwa madai ya familia, mke, mume, mzazi au mtoto anaweza kushtaki kwa jina lake. Kwa madai ambayo marehemu mwenyewe angedai, yaani maumivu yake akiwa hai, inahitajika msimamizi wa mirathi, na hapo mnaanzia kwa Administrator General, ofisi ya serikali ya mirathi, kupata barua ya kutokuwa na pingamizi. Mwisho wa muda wa kushtaki angalia kwenye swali la muda hapo juu.

## Hali za pembeni

Nilisaini kwamba "nyumba haitawajibika kwa lolote".

Karibu wote mmesaini. Korti inasoma maneno kama hayo kwa jicho kali, dhidi ya yule aliyeyaandika, na hata yawe makali vipi hayazuii polisi wala mabaraza. Ulikubali kwamba mzee ni mzee. Hukukubali alale kwenye mkojo siku mbili.

Mzee alikuwa nyumbani na msichana wa kazi tuliyemtoa kijijini.

Hapa geuza kidole. Wewe ndo mwajiri. Kama hukumfundisha kumnyanyua, ulimwacha peke yake na mgonjwa wa stroku kutwa nzima na posho ya mchana tu, korti itakuangalia wewe. Kama alitoka kwa ejenti aliyekuahidi mtu aliyesomea, tafuta yale maandishi ya ahadi.

Pesa zake za SAGE (msaada wa serikali kwa wazee) zinachukuliwa na nyumba.

Zile 25,000 za kila mwezi za wenye miaka 80 na zaidi ni za mzee. Nyumba inaweza kuzipokea kwa makubaliano yaliyoandikwa na kuonyesha zilivyotumika. Bila hivyo ripoti kwa afisa maendeleo ya jamii wa sub-county na kwa baraza la wazee la hapo, mabaraza hayo yapo mpaka ngazi ya kijiji.

Mimi ndo nesi. Usiku niko peke yangu na wazee ishirini. Nitafungwa?

Swali hili linakuja usiku, na nalijibu kwa makini zaidi kuliko yote. Kama umelala makusudi au umemfungia mzee, mwajiri hatakuokoa. Lakini kama kazi haiwezekani kwa mtu mmoja, iandike. Barua fupi kwa meneja: tarehe, wazee wangapi, wangapi hawajigeuzi, nimeomba mtu wa pili. Baki na kopi nyumbani kwako, sio kwenye droo ya ofisi. Na chati usiisaini kabla ya saa yake hata bosi akikulazimisha. Usiku ambao hukufika kitandani andika "hakugeuzwa, niko peke yangu", alafu weka saini yako na saa.